Kiti cha Baiskeli Yangu

Ile baiskeli nilijishindia mimi mwenyewe, kwenye mbio za baiskeli za wanawake hapa Bariadi. Kabla jasho halijanikauka, mume wangu alikuwa ameshachukua spana, akapandisha kiti kifike urefu wake. Tangu hapo yeye huenda nayo mnadani, mimi kisimani naenda kwa miguu, ndoo kichwani. Mbio zikiwa kesho ndipo anakishusha.

Msimu uliopita ulipoisha nilimwomba akiache chini, nipate kufanya mazoezi.

"Mazoezi gani tena, mama watoto? Si kila siku unatembea?"

Mwaka huu nimekuwa wa mwisho. Nilipovuka mstari nikihema, nilimkuta amesimama na spana mkononi. Hakunipa hata maji.

"Umenitia aibu," alisema, akainama kulegeza nati ya kiti.