Bima ya Motokaa na Eda Yangu

Mume wangu alipokufa, motokaa yake ilikuwa na bima ya mwaka mzima, na mwaka wenyewe ulikuwa ndio kwanza umeanza. Mimi mambo ya bima yalikuwa hayanihusu. Deni ndilo lililonifunza.

Makaburini, watu kabla hawajatawanyika, shemeji yangu alisimama akauliza, kama ilivyo ada yetu, anayemdai marehemu ajitokeze. Akajitokeza mwenye duka wa Ndia Kuu, aliyemkopesha fedha za kununulia hiyo motokaa. Basi motokaa ikauzwa kwa Mzungu mmoja wa Kilindini, ambaye bima yetu hakuitaka, na fedha zote zikaenda dukani. Hazikutosha. Mavyaa wangu, mamake marehemu, usingizi ukamwisha, maana roho ya mwenye deni hutundikwa, haipumziki mpaka alipiwe. "Mwanangu ananing'inia," alikuwa akiniambia, nami namwitikia ndiyo mama, huku natafuna wali kama natafuna karatasi. Sikuwa na huzuni. Sikuwa na kitu. Ningeambiwa nyumba inaungua, ningeuliza upande gani.

Shemeji akaenda kwa karani wa bima, akarudi na maelezo. Ukiivunja bima kabla ya wakati wake, hurudishiwi kwa kuhesabu miezi iliyobaki. Wenye bima hukata fungu lao kwanza, na fungu hilo si dogo, kisha hukata ada ya kuivunja, ndipo wewe upewe makombo. Na kila mwezi unaopita, makombo hupungua. Tukiivunja sasa, alisema, kitakachorudi kitalimaliza deni. Ila mrithi aliyeandikwa ni mimi, na sharti nitie dole gumba mbele ya karani.

Nami nilikuwa edani. Miezi minne na ushei, nje sioni wala sionwi.

Karani, Mungu amjaze heri, alikubali kuja nyumbani. Mavyaa akatundika pazia, karani upande ule, mimi upande huu. Nikapitisha mkono, wakanipaka wino. Karani akakitazama kile kidole, kisha akasema, "Mama, mimi nitashuhudia kidole cha nani? Mtu simwoni." Mavyaa akamjibu kwamba uso wa mwanamke wa eda hauonwi na mwanamume wa kando. "Basi niwieni radhi," akasema karani, akakusanya makaratasi yake akaenda zake. Mimi nilibaki na mkono wangu nje ya pazia, wino unanikaukia, mpaka shemeji akaniambia niurudishe.

Eda ilipokwisha nikavaa buibui nikaenda mwenyewe. Karani akapiga hesabu yake, akanieleza kwa upole kwamba likishatoka fungu na ikishatoka ada, hakuna kinachorudi. Nikamwambia ahsante. Ahsante ya nini, hata leo sijui.

Nyumbani nilimkuta mwalimu wa kike wa chuo cha Kurani amekuja kunitazama. Nikawaeleza yeye na mavyaa yaliyonikuta, mwalimu akastaajabu. "Kwa dharura kama hiyo ungetoka mchana, ukarudi kulala kwako. Nani aliyewaambia haijuzu?" Mavyaa akainama, akawa anachezea ukingo wa leso yake. "Watu wangesema," alisema. Ningeweza kumchukia siku ile, lakini hata chuki inataka nguvu, na mimi sikuwa nazo. Nikavua buibui, nikaenda jikoni kutazama mchuzi.

Nikaanza kushona kofia za kiume, hizi za kutarizi kwa mkono. Mavyaa akawa ananikatia vitambaa, naye habari ile hakuitaja tena. Kila kofia iliyouzwa, fedha yake ilikwenda Ndia Kuu, hata vidole vyangu vikaota sugu. Mpaka siku nilipopeleka fedha za mwisho. Mwenye duka akazipokea, akasema, "Basi, binti yangu. Mumeo hadaiwi tena. Mwache sasa apumzike."

Nikaagana naye vizuri. Nilitembea njia nzima nikiitikia salamu za watu. Nilipofika kwenye daka letu nikaketi pale pale mlangoni, nikalia kwa sauti kubwa, kilio cha matanga, hata majirani wakatoka mbio kuuliza ni nani aliyekufa. Mavyaa alitoka ndani, akaketi kando yangu, akawajibu.

"Mwanangu," akasema.