Ulimi Mbele ya Mama Kavira

Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, siku ya Jumanne, nilipomtolea Mama Kavira ulimi. Ninyi mliokua nami katika mtaa wa Tshopo mnajua uzito wa kosa hilo. Enzi zetu, kumwonyesha mtu mzima ulimi kulizidi matusi ya maneno. Lakini mimi sikuwa namtukana. Nilikuwa natafuta herufi.

Nilikuwa na miaka tisa. Madrasani kwetu kulikuwa na mikeka miwili: wa wadogo mlangoni, wa wakubwa karibu na mwalimu. Aliyehifadhi juzuu ya Amma, ile ya mwisho ya Kurani, aliisoma mbele ya wazazi siku ya Jumapili. Akisoma sawasawa, alihama mkeka. Akikosea, alibaki na wadogo mwaka mwingine, magoti yake yakiwa yamefika mabegani mwao. Rafiki yangu Zainabu alikuwa ameshahama. Mimi nilibakiza siku tano.

Sura zote nilizijua. Tatizo lilikuwa ulimi. Sisi wa Kisangani tunasema zambi, tunasema zahabu. Mwalimu alieleza kwamba tha, dhal na dhwa hazitoki mpaka ncha ya ulimi ichungulie kati ya meno. "Nione ulimi!" alidai. Nami, niliyefundishwa kwa mwiko kwamba ulimi hukaa ndani, niliuficha kila aliponitazama. Kwenye sura ya Zilzala, ambako dhal na zai zinafuatana tangu mwanzo, zilitoka zai mbili. Akasema nirudie. Zikatoka zai mbili.

Kuliko aibu, lilinisumbua swali: herufi hutoka wapi hasa? Nikaanza kuchungulia vinywa vya watu. Nilitazama midomo ya muuza chikwange, mikate ya muhogo, alipotaja bei, na koo za wavuvi wa Yanonge walipoitana mtoni. Tonton Saidi, kaka yake Mama, alipokohoa, nilimwomba akohoe tena, maana nilishuku kha inakaa humo.

"Huyu mutoto iko mugonjwa," alisema. Lakini alikohoa.

Jumanne hiyo nilitundika kioo cha Papa, baba yangu, cha kunyolea ndevu kwenye uzio, mahali penye mwanga, nikatoa ulimi. Ng'ambo ya uzio, Mama Kavira, Mkatoliki kutoka Butembo, alikuwa akiuza maharage.

"Mama Asha! Mutoto wako ananitolea ulimi! Mara tatu! Bon, mimi na yeye tunagombania nini?"

Mama alitoka na mwiko. Nilimwambia ni masomo ya madrasa.

"Madrasa gani inafundisha matusi? Alors, hauendi tena!"

Siku mbili nilichambua mchele nyumbani, nikiwasikia wenzangu wakisoma kwa mbali. Alhamisi mwalimu, aliyekuwa amesikia kisa chote, alikuja, akapitiliza mpaka kwenye magunia ya Mama Kavira. Mbele ya wateja, uso umetulia kama yuko mimbarini, akachungulisha ncha ya ulimi: "Dhal."

Watu waliangua kicheko. Mama Kavira hakucheka. Alichukua kioo, akajaribu mwenyewe, akajaribu tena.

"Kumbe! Inatekenya!"

Mama aliniruhusu kurudi madrasani, na tangu hapo Mama Kavira akawa msimamizi wangu. Alikaa kwenye kigoda, kopo la kupimia mapajani, nami nikisimama mbele yake. Kiarabu hakujua hata neno, lakini macho yaliyozoea kuona vijiwe ndani ya maharage hayakupitwa na ulimi. "Sikuuona. Rudia." Nilirudia. "Nimeuona. Endelea."

Jumapili alikuja moja kwa moja kutoka misa, na kitenge chake cha kanisa, akaketi nyuma ya akina mama. Nikafika kwenye Zilzala. Sikumtazama mwalimu, nilimtazama yeye. Akachungulisha ncha ya ulimi wake, kidogo tu. Nikatoa wangu.

Nikahama mkeka.

Leo binti yangu hujifunza kwa simu. Msomaji wa humo humrudia aya moja mara mia bila kukasirika, jambo ambalo mwalimu wetu hakuliweza. Sauti ya binti yangu ni nzuri kuliko ilivyokuwa yangu. Lakini juzi nilisikia zai mbili. Nikamwambia atoe ulimi.

"Aïe, Mama, aibu!" alisema, yeye ambaye kila picha aliyojipiga ameutoa mpaka kidevuni.

Akaomba programu ya kusahihisha matamshi, dola tano kwa mwezi. Simu husikia, nilimwambia, haioni. Nikanunua kioo sokoni kwa faranga elfu mbili, kama dola moja, nikakitundika palepale. Ng'ambo, yalipokuwa magunia ya Mama Kavira, sasa pana ukuta wa matofali. Binti yangu hujitazama peke yake, hujisamehe haraka, huondoka. Kwa mwaka mzima nitakuwa nimeokoa kama dola hamsini na tisa. Akitokea mtu wa kuketi ng'ambo ile na kumwambia, "Sikuuona. Rudia," nitampa zote hamsini na tisa.