Mtani, Nabii na Mguu wa Mama Mkubwa

Mwaka ule waliamua mimi ndiye nifundishe akina mama wakati wa Majilio, zile wiki za kuingojea Krismasi. Hawakuniuliza. Mwenyekiti wetu alisimama baada ya ibada akasema, "Dada mshonaji atatufundisha," makofi yakapigwa, basi, nimeshakuwa mwalimu. Mimi nashona sare za shule huku mjini, pale Mwembesongo, na mdomo wangu hauna spidi gavana. Nadhani ndiyo sababu walinichagua.

Fungu lenyewe lilikuwa la yule nabii wa Kiebrania anayewafariji watu wake waliochukuliwa mateka. Anasema mabonde yatainuliwa na milima itashushwa ili njia ya Mungu inyooke. Kisha anasema Mungu anakuja na nguvu, mkono wake ndio unaotawala. Na hapohapo, hata mate hujameza, huyo mwenye nguvu amegeuka mchunga kondoo, kwa mkono huohuo kawakusanya wana-kondoo kifuani. Sisi Wakristo tunasema anayetabiriwa ni Kristo. Sawa, nakubali. Lakini nguvu na huruma zinakaaje nyumba moja?

Nikamwendea mchungaji wetu. Akanieleza kwa upole kwamba wengi husoma hivi: huruma ni kuja kwake kwa kwanza, kwenye hori la ng'ombe, nguvu ni atakaporudi kuhukumu. Jirani yangu wa kanisani yeye aliona mambo ni rahisi zaidi. "Nguvu ni ya maadui, huruma ni yetu," akasema. Nikamuuliza maadui zetu ni akina nani, akamtaja mwenye nyumba wake. Nilicheka, lakini nilirudi kwenye cherehani sijaridhika. Mbona nabii anataja mkono ule ule mmoja pande zote mbili?

Nikiwa katika kuhangaika huko, ikaja simu kutoka kwetu mlimani kwamba mama mkubwa anaumwa mguu.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu. Kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mama alipofariki hakuna aliyeuliza nitakaa na nani. Alinilea yeye, huko juu, kwa maharage na njegere za kwenye mteremko. Gari halifiki. Bodaboda zenyewe zinaishia mtoni, ukitoka hapo ni miguu yako na Mungu wako.

Nilimkuta kaketi kibarazani, khanga imefunika miguu, anachambua maharage kana kwamba hajambo kabisa. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Umekonda, huko mjini hawali?" Nikajua anakwepa. Basi nami nikaanzia mbali, nikamsomea fungu langu. Alisikiliza mpaka penye milima kushushwa, akaacha kuchambua.

"Ishushwe? Imemkosea nini?"

"Ni mfano, mama. Milima ni majivuno ya watu."

"Basi angesema majivuno. Akiishusha hii, mto utatoka wapi? Ninyi wa mjini mtaoga vumbi?" Akasonya. "Huyo nabii hana shamba huku."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na katika kucheka huko upepo ukanigeukia, nikasikia harufu. Nikainua khanga bila kuomba ruhusa. Alikuwa amejikata kwa jembe kwenye muundi, akaweka majani, akanyamaza. Kidonda kilikuwa kimechimba. Nesi wa zahanati alikwisha kumwambia waziwazi: hospitali ya mjini sasa hivi, au mguu utakatwa, na ukichelewa zaidi hata kuukata hakutasaidia.

"Tunashuka kesho," nikasema.

"Nani?"

Kwetu mgonjwa asiyeweza kutembea hushushwa kwa machela. Vijana hukata miti miwili, wanafunga blanketi katikati, wanapokezana hadi mtoni. Nikasema nitawaita vijana. Mama mkubwa akanitazama kwa macho makavu.

"Machela iliyomshusha mama yako niliifunga mimi mwenyewe. Haikumpandisha. Mimi nikishuka kwa machela, sipandi tena. Niache na mguu wangu."

Nilibembeleza. Nikapayuka. Nikamtishia kwamba kumkosesha Mungu kazi ya kuponya ni dhambi, jambo ambalo halimo popote, nililitunga palepale kwa hasira. Mwisho nililia kama mtoto, nikamwambia sina mama mwingine. Hata! Aliendelea na maharage yake. Nikashuka mtoni kutafuta mtandao nimpigie mjomba, labda atamsikia kaka yake, na huko ndiko nilikokutana na mtani.

Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi na enzi. Mtani anakutukana nawe huruhusiwi kukasirika, anakuzika na kulia na kukucheka siku hiyohiyo, na akikuomba kitu, hanyimwi. Huyu ni mbeba kabichi, Mwislamu wa swala tano, mabega mapana kama mlango wa ghala. Nilipomweleza, hakusema pole. Alisema, "Kumbe nina msiba na hamnialiki."

Asubuhi yake alifika nyumbani akiomboleza tangu kwenye migomba. "Ooo, mtani wangu kaoza! Ooo, ubwabwa wa matanga uko wapi!" Majirani wakatoka. Akajilaza chali kizingitini, mikono kifuani, akafumba macho. Mama mkubwa akataka kutoka nje, hakuweza kumruka.

"Inuka, mbwa wewe!"

"Napima kaburi lako. Naona utabanwa makalio."

Majirani waliangua kicheko, na mimi nilimwona mama mkubwa akijitahidi kununa na akashindwa. Alicheka huku akimpiga na ungo. Mtani akamwacha acheke mpaka amalize. Ndipo akaketi, na sauti yake ikashuka.

"Nimekuja kuomba, mtani."

Mama mkubwa akaweka ungo chini. Alijua amenaswa. Mtu akimnyima mtani wake mbele ya majirani, hiyo aibu inabaki kwa ukoo mzima.

"Unaomba nini? Kuku?"

"Naomba huo mguu. Ungali mzima kidogo, nautaka."

"Sipandi machela."

"Nani kataja machela? Machela ni ya watu wenye heshima zao."

Akachuchumaa, akampa mgongo. Mama mkubwa alimtazama yule jitu, akanitazama mimi, akaitazama milima. Kisha akasema, "Mungu anakuona," akapanda. Nilimfunga kwa khanga mbili, kama mtoto anayebebwa mbeleko.

Tulishuka. Njia ilikuwa ya utelezi, na mimi nilitangulia na mkoba. Yule mtu ambaye hukimbia mteremko ule na tenga la kabichi huku akipiga mluzi, siku hiyo alikanyaga kama anayebeba mayai. Kila penye jiwe alikuwa anasimama, anapapasa kwa kidole cha mguu, ndipo anahamisha uzito. Mishipa ya shingo ilimtoka. Na matusi hayakukoma njia nzima: mara mama mkubwa ni mzito kuliko dhambi zake, mara ananuka, mara atamuuza sokoni kwa bei ya kabichi. Mama mkubwa alijibu kila tusi. Karibu na mto alikuwa amelala, shavu limemlalia mgongoni. Mtani akaacha kutukana, akashuka sehemu iliyobaki kimya ili asimwamshe.

Nilisimama palepale njiani. Niliwatazama mpaka wakanipita.

Akina mama niliwafundisha huku mama mkubwa akiwa wodini. Niliwaambia mchungaji hakukosea, kuja kwake ni mara mbili, lakini mimi nasadiki mkono ni mmoja. Mwenye nguvu kidogo hawezi kubeba mtu polepole, atamwangusha. Ndiyo maana nabii alizitaja nguvu kwanza, ili tukisikia tunabebwa tusiogope. Jirani yangu akauliza kwa hiyo mwenye nyumba wake naye anabebwa? Nikamwambia ndiyo, tena pengine amefungwa naye kwenye khanga moja. Alinuna wiki nzima.

Mguu haukukatwa. Uliponea nyumbani kwangu, taratibu, huku mama mkubwa akilalamikia maji ya bomba na kelele za spika. Masika ilipokwisha akasema anataka kwao. Mtani akaja kutupokea mtoni, akachuchumaa, akatoa mgongo.

"Ondoa hapo," mama mkubwa akasema. "Natembea."

Alipanda na fimbo. Mtani alimfuata hatua kwa hatua, ile mikono mikubwa ameitandaza wazi nyuma yake, karibu kabisa na khanga, na njia nzima haikumgusa. Alipoteleza, ilisogea. Aliposimama sawasawa, ikarudi. Mama mkubwa hakugeuka hata mara moja kuona kama ipo.

Kibarazani alishika nguzo, akahema mpaka pumzi ikarudi. Akaiangalia milima yote, kisha akanigeukia mimi.

"Mwambie nabii wako aiache hivyohivyo," akasema. "Nimepanda."