Vitambaa Kumi na Kimoja vya Dada Mwajuma

Naikumbuka Alhamisi moja, mwanangu, ambayo nusura nimtie dada yangu aibu kwa uzi na sindano. Nacheka nikikusimulia, lakini siku yenyewe sikucheka.

Tulikuwa tunaishi Chole ya Kisarawe, mimi nina miaka kumi na saba. Dada yangu Mwajuma alikuwa anaolewa Mbwawa, huku huku Kibaha ninakokaa leo, na Jumamosi ilikuwa siku ya kupeleka vyombo vyake. Nyinyi wa siku hizi vyombo mnavifunga kwenye maboksi, anayejua kilichomo ni aliyefunga. Vyetu vilifunguliwa ukumbini mbele za watu. Mawifi wa bibi harusi wananyanyua kitu kimoja kimoja, wanakigeuza mbele na nyuma, na watakachokisema hapo ndicho kitakachosemwa kisimani mwaka mzima. Wifi mkubwa wa Mwajuma alikuwa na mdomo, nisikufiche.

Sehemu yangu ilikuwa vitambaa vya makochi. Kochi la watu watatu na viti viwili: vitano vya mgongoni, sita vya mikononi, jumla kumi na kimoja, vyote vya maua ya nanasi kwa uzi mweupe. Kazi hiyo niliiomba mwenyewe. Nilikuwa najulikana kijiji kizima kwa kufuma, maana nilikuwa nafuma huku natembea. Naenda kisimani nafuma, naenda dukani nafuma, donge la uzi nimelitia kwapani. Nikitaka kupumzika, ile sindano ya kufumia yenye kindoana kichwani naichomeka kwenye mabutu ya nywele zangu. Watu wanageuka kunitazama, nami nazidisha mwendo wa vidole. Ujana una mambo yake.

Bila shaka umeshajua kilichotokea. Sindano ilianguka njiani, sijui wapi mpaka leo. Nikajiambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nikaazima ya jirani, ambayo ilikuwa nene kuliko yangu. Sikuona tatizo, sindano si sindano? Hesabu ya mizunguko, ile inayokikuza kitambaa kutoka katikati, niliiweka kichwani, na kichwa kilikuwa kinasalimia watu njia nzima. Kitambaa kikiisha nakitupa kwenye mfuko wa rambo, ncha za uzi zinaning'inia, naanza kingine. Sikuwahi hata mara moja kuweka kimoja juu ya kingine nikavilinganisha.

Alhamisi ile Shangazi Hadija, dada wa baba, aliyenifundisha kufuma, akaja kutazama kazi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akatandika mkeka uani na kuumwaga ule mfuko. Kwanza tulikaa tukifumbua mafundo, maana ncha zote zilikuwa zimeshikana. Kisha akavipanga. Mwanangu, kimoja kilikuwa sinia, kimoja sahani, kimoja kawa la kufunikia wali! Vile vitatu vya kochi moja vilikuwa havijuani kabisa. Kimoja kilikuwa kimejikunja pembeni kama sikio la mbuzi.

Mwajuma alikuwa ndani, bibi harusi hatoki ovyo, lakini alichungulia dirishani akaviona. Hakunigombeza. Alisema tu, "Zuhura, kesho kutwa hivi vinafunguliwa mbele ya mama mkwe wangu."

Nilitamani ardhi inimeze. Kama angenitukana ningejua pa kujitetea. Nikaanza kulia, na kulia kwenyewe nikakuchanganya na visingizio: sindano imepotea, jirani kanipa nene, uzi unateleza.

Shangazi aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Mkono wako hauna ila, mwanangu. Mshono umenyooka, ua limekaa. Ila nikuulize: ulikuwa unamfumia dada yako, au ulikuwa unafuma ili watu wakuone unafuma? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kizuri chako umekitembeza mwenyewe mpaka kikaharibika."

Neno lile liliniingia. Hata leo nikikaa na kazi mkononi nalisikia.

Lakini Shangazi hakuwa mtu wa kukusema halafu akakuacha. Alimwagiza mama alete sindano zote zilizomo nyumbani na kalamu. Akawa anachukua kitambaa, anapenyeza sindano kwenye matundu, anajua hiki kimefumwa kwa nyembamba, hiki kwa nene. Akavigawa mafungu mawili, kila fungu limaliziwe kwa sindano ya unene wake. Halafu akanihesabisha mizunguko kwa sauti, kitambaa kimoja baada ya kingine, na kila hesabu akaiandika nyuma ya kalenda ya zamani. Hapo ndipo nilipoona kwamba balaa langu lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani. Vilivyokuwa vidogo vilipungukiwa mizunguko miwili mitatu pembeni. Vilivyokuwa vikubwa nilikuwa nimepitiliza.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema, "lakini uzi huzoleka. Vuta ncha."

Nikavuta. Kufuma kwa sindano ya kindoana kuna rehema hiyo, kunafumuka kuanzia mwisho, mzunguko kwa mzunguko, na unasimama unapotaka. Shangazi akaongeza vidogo, mimi nikafumua vikubwa, mama akawa anaficha ncha kwa sindano ya kushonea. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ijumaa asubuhi tukapika wanga wa muhogo, mwepesi, tukavichovya vyote, tukavikamua taratibu. Shangazi akachukua sinia, akalichora duara lake kwa chaki kwenye shuka kuukuu iliyotandikwa juu ya godoro, na kila kitambaa cha mgongoni kikavutwa mpaka kwenye mstari na kubanwa kwa pini pande zote. Vya mikononi vikapata duara la sahani. Jua la Kisarawe likafanya kazi yake. Alasiri tukazitoa pini, na vitambaa vikatoka vimenyooka, vimelingana, unaweza kuapa vimefumwa siku moja.

Jumamosi nilipanda gari la vyombo, vitambaa nimevipakata. Ukumbini Mbwawa yule wifi mkubwa alifika kwenye vitambaa vyangu. Akachukua viwili, akaviweka kimoja juu ya kingine, akavinyanyua juu penye mwanga. Akazungusha. Akatafuta ncha nyuma. Kisha akavikunja vizuri, akaviweka pembeni, akachukua sufuria.

Basi. Nikakaa chini hapo hapo kwenye sakafu, nikawa namshukuru Mungu kimoyomoyo.

Tuliporudi Chole, Mwajuma alinivuta chumbani kabla sijavua hata viatu. "Wamesemaje?"

"Hawajasema kitu."

Akanikumbatia, akashusha pumzi ndefu, tukacheka mpaka machozi yakatutoka, sote wawili.

Sasa, mwanangu, wewe unafuma kofia na mikoba, unajifunza kwenye simu, na kazi yako naiona ni nzuri kuliko yangu ya zamani. Lakini nimeuona mfuko wako. Kila sindano uipe nyumba. Kopo la mswaki linatosha, na ikitoka mkononi irudi humo, isiende kichwani. Donge la uzi litie kwenye ndoo ndogo yenye kifuniko, kitoboe tundu moja uzi upitie hapo, donge halitaviringika wala kushika vumbi. Uzi wa kazi nzima nunua kwa mara moja na utunze karatasi yake yenye namba ya rangi, kwa sababu weupe wa leo na weupe wa mwezi ujao si lazima ufanane. Kazi uliyoianza ilale pamoja na sindano yake kwenye mfuko wake peke yake. Mwanzo wa kila mzunguko weka pini. Andika hesabu, hata kama unajiamini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mizunguko ni hivyo hivyo. Ncha ifiche siku ile ile, kwani ncha hamsini za siku ya mwisho zinaua hamu. Kitambaa cha pili kikianza kukua, kiweke juu ya cha kwanza. Hili la mwisho ukilishika, mengine yote yanaweza kusameheka.

Na ukikosea usijifiche. Waite wenzako, kaeni chini, vuta ncha, anza pale pazuri palipoishia.

Mungu akupe vidole vyepesi na kichwa kilichotulia, mwanangu. Na yule unayemfumia, siku kazi yako itakapofunguliwa mbele za watu, akae kwa amani asiwe na la kuogopa. Amina.