Uso Nyuma ya Bega la Baroni

Kabla ya kuwa mpiga picha pale Modica, Saverio Lojacono alipaka rangi sanamu za watakatifu. Kamera ilipoingia Sisilia akaacha brashi, akajenga studio ya vioo juu ya paa la nyumba aliyopangishwa na Baroni, mwenye mashamba ya pale. Vioo vya picha, ambavyo sura ilinaswa juu yake kabla ya kuchapwa karatasini, vilikuwa adimu. Vya matajiri alivihifadhi kabatini. Vya wakulima alivisugua kwa kitambaa chenye majivu na spiriti hadi sura ifutike, akavitumia tena. Kila mpiga picha alifanya hivyo, wala hakuna aliyesema ni wizi.

Mwaka mmoja jambo hilo likamnyima usingizi. Bi Crocifissa, mchuma zeituni wa Baroni, alipanda ngazi za studio kila Jumapili baada ya misa. Mwanawe Alfio alipigwa picha pale siku alipochukuliwa jeshini. Aliondoka na picha yake, akafia kaskazini, akazikwa nayo.

"Don Saverio, nichapie nyingine. Nimeanza kuisahau pua yake."

"Natafuta, mama. Njoo Jumapili."

"Jumapili ipi? Ya Pasaka au ya kiama?"

Saverio alijua hakuna cha kutafuta. Mfalme alikuwa amemchukua kijana mara moja. Yeye, kwa kitambaa chake, alimchukua mara ya pili.

Kisha Baroni akaja kupigwa picha. Ndani ya chumba cha giza Saverio akakimwagia kioo dawa. Uso wa Baroni ukajitokeza, na nyuma ya bega lake, kama moshi, uso mwingine: pua pana, kofia ya mkulima. Kioo hakikuwa kimesuguliwa vizuri. Alfio!

"Ewe mpaka rangi wa watakatifu, umelala humo?" Baroni aligonga mlango. "Nionyeshe!"

Kitambaa cha kusugulia kilikuwa karibu. Baroni akimwona mkulima nyuma yake, studio imekwisha.

"Imeharibika, Mheshimiwa. Ulitikisika."

"Mimi? Mimi sitikisiki!"

"Basi ni mimi. Keti tena, tafadhali."

Jumapili Crocifissa aliishika kwa ncha za vidole picha iliyochapwa kutoka kioo kile.

"Ni yeye. Na huyu wa mbele?"

"Baroni. Kioo cha mwanao nilikifuta, mama. Hicho ndicho kilichobaki."

Akamtazama mpaka Saverio akatamani apigwe kofi.

"Alfio alibeba magunia ya mtu huyu tangu utotoni," alisema. "Leo naye ambebe mwanangu."

Akashuka, picha wazi kifuani. Uwanjani gari la Baroni lilisimama mbele ya kanisa. Saverio akafungua dirisha amwite aifiche chini ya shali. Hakumwita; akabaki ameshika fremu ya dirisha, akitazama.