Boksi la Madebe Manne

Mogesi Mniko wa Nyamongo ni seremala, na hilo hakuna anayelibishia. Vitanda vyake havilii, milango yake haipindi mvua zikija, na majeneza yake hayajawahi kurudishwa. Utani huo wa majeneza ni wake mwenyewe. Huutoa kila mara na hucheka peke yake. Lakini ukimwuliza kazi yake hatakutajia kitanda hata kimoja. Atakwambia anatengeneza maboksi ya sabufa za magari, kisha atakukalisha kwenye benchi akueleze habari za hewa mpaka chai ipoe.

Kwa imani yake, spika ni koo tu, boksi ndilo kifua. Na kifua ndicho kinachotakiwa kwenye mashindano ya kishindo. Pale hakuna anayejali utamu wa wimbo. Gari linafungwa vioo, mwamuzi anabandika kipimo kwenye kioo cha mbele, muziki unafunguliwa, na mwenye namba kubwa anabeba kombe. Shida ni kwamba kombe lilikuwa limezoea kwenda Sirari, kwa jamaa mmoja mwenye miwani myeusi na maneno mengi aitwaye Nikodemo.

Mwaka huu Odoyo, muuza simu mwenye Probox, alikuja karakana akiwa amenuna.

"Fundi, mimi nimekuvumilia vya kutosha. Tukipigwa tena, gari nalipeleka kwa Nikodemo."

Maneno hayo yalimchoma Mogesi. Odoyo ndiye aliyekuwa mteja wake pekee wa maboksi. Akiondoka huyo, fundi angebaki na vitanda vyake mpaka siku na yeye atakapochongewa jeneza.

Basi akaingia kazini kwa hasira. Karatasi iliyokuja na spika ilitaka boksi la lita themanini. Lakini boksi lenyewe lilikuwa na mgongo ulioinama kufuata kiti, mihimili ndani na tundu la hewa ubavuni, kiasi kwamba futi ilimchanganya akaitupa. Akaamua kupima kama wapimavyo watu wenye akili zao Tarime nzima: kwa mahindi. Debe ni lita ishirini, kwa hiyo boksi ni madebe manne. Akaziba matundu, akamimina, akatikisa punje ziingie kila kona, akasogeza mgongo wa boksi mpaka madebe manne yakajaa pomoni bila kumwagika.

Debe lilikuwa la mama mkwe wake, Wegesa, anayenunua mahindi Nyamwaga na kuyauza sokoni Nyamongo. Bila shaka Mogesi hakwenda kuliomba mwenyewe. Mkurya mwenye adabu zake hajipeleki kwa mama mkwe. Hata wakikutana njiani mmoja huingia vichakani mwingine apite, na tangu aoe walikuwa hawajawahi kutazamana usoni. Alitumwa Boke, mkewe, naye akalileta.

Mashindano yakafanyika siku ya soko, kwenye uwanja ulio jirani na magulio. Kila gari lilipewa nafasi mbili. Nikodemo akamaliza zake kwa desibeli mia moja arobaini na moja, akainama mbele ya watu kama vile amehubiri. Ikaja zamu ya Probox. Ukatoka mngurumo mzito uliolegea, spika zikapepea hovyo, na kipimo kikasimama kwenye mia moja thelathini na sita.

"Buda, hiyo ni box ama ni ghala?" Nikodemo aliuliza, na watu wakaangua kicheko.

Odoyo alitoa simu akamwendea Nikodemo kuomba namba yake.

Mogesi alisukuma spika kwa kiganja. Ikaingia ndani laini, bila ubishi wowote. Boksi lilikuwa kubwa mno.

"Haiwezekani! Nimepima madebe manne!" Akamgeukia Boke, aliyesimama kando ya gari. "Lile debe ulilitoa wapi?"

"Si stoo kwa mama. Yako mawili, nikakuletea lile kubwa."

"Debe linakuwaje kubwa?"

"La kununulia, baba. Limegongwa kitako likatoka tumbo. La kuuzia ndilo dogo. Sasa wewe unataka ushindi, ningekuletea dogo?"

Mogesi alifungua kinywa apige kelele, maana hapo ndipo ulipokuwa usalama wa jina lake. Kisha akaona kamba ya uwanja. Kamba nzima ilikuwa imejaa wakulima wa Nyamwaga, wale wale wanaopimiwa mahindi yao kwa debe hilo. Nyuma yao, juu ya magunia, alikaa mama mkwe wake, amempa mgongo kama heshima inavyotaka. Akakifunga kinywa.

"Kamwulize," alinong'ona, "kwa adabu, lile kubwa linazidi debe halali kiasi gani."

Boke alikwenda, akarudi amekumbatia makopo manne ya sado, yale ya rangi ya lita nne.

"Mama anasema sado moja kwa kila debe. Na anasema yeye hajasema kitu."

Mogesi akafungua spika, akajaza makopo mchanga, akagongelea vifuniko, akayashindilia ndani ya boksi kwa vipande vya gunia yasicheze, akafunga. Muziki ulipofunguliwa, vioo vya Probox vilitetemeka na kuku wa mnadani wakakurupuka. Mia moja arobaini na mbili! Odoyo akamrukia shingoni. "Fundi wangu! Haendi mtu Sirari!"

Mwamuzi akaleta kipaza sauti. "Fundi, mara ya kwanza ulikosea wapi?"

"Nilipima vibaya," Mogesi alisema. "Kosa ni langu."

"Mmesikia?" Nikodemo akadakia. "Hajui kupima! Hiyo ni luck tu."

Kicheko kikavuma. Kiliuma, tena sana, kwa mtu ambaye kitanda chake hakijawahi kukosea hata unene wa kucha. Ndipo Mzee Filemoni wa Nyamwaga alipopita chini ya kamba.

"Mura, kijana wangu, ulipimia debe la nani?"

"Shikamoo, mzee. La kwangu."

"Seremala ana debe la nini?"

Mogesi akajifanya anakaza skrubu za spika. Hapo Wegesa akashuka kwenye magunia. Alipasua umati, amejifunika khanga mpaka puani. Mogesi alirudi nyuma mpaka akagota kwenye Probox. Mama akasimama, akaliangalia gari badala ya mkwe.

"Debe ni langu," alisema. "La kununulia. Linakula sado moja zaidi. Mkwe wangu anajua kupima."

Mogesi alihisi macho yanamwasha, akayaelekeza kwenye matairi. Mzee Filemoni alijikuna kichwa.

"Mama Boke, hilo tunalijua siku nyingi. Unadhani kwa nini mahindi yetu tunayalowesha yavimbe kabla hujafika?"

"Mnayalowesha!" Khanga ikamdondoka mabegani. "Ndiyo maana yananiotea ndani ya magunia!" Akageuka mzima mzima, akamtazama Mogesi usoni. "Mkwe, umewasikia wezi hawa?"

"Nimewasikia, mama," Mogesi alijibu.