Gazeti Lililomgandisha Babu Mlangoni

Enzi zetu huku Kyela, kila mtoto mwenye akili timamu alijua kwamba gazeti la Mhindi lina dawa ya kugandisha miguu ya askari. Mimi nilikuwa na akili timamu kuliko wote, maana nililiona likifanya kazi.

Nasema enzi za Mwingereza, tulipokuwa wadogo pale Ndandalo. Kaptura moja mwaka mzima, tumbo limejaa wali na ndizi, na mvua inayonyesha mpaka kambare wanaingia jikoni wenyewe, wewe kazi yako kuchagua tu. Duka lilikuwa moja, la Mhindi ambaye wazee walimpa jina la Mwasukari, akawa kama mtu wa ukoo. Ndiye aliyenunua vyungu vya mama. Mama alikuwa Mkisi wa ziwani, alianza kufinyanga kabla hajaota meno.

Mwasukari alipata magazeti ya kwao India. Yalivuka mto Songwe kutoka Nyasaland yakiwa chini ya magunia ya karanga, kwa sababu serikali iliyapiga marufuku. Akikutwa nayo, yeye jela, duka kufuli. Sisi watoto tulijiuliza: karatasi inamtishaje Mzungu mwenye bunduki? Tukajijibu wenyewe: ina dawa.

Siku moja boma la Tukuyu likatuma askari kupekua duka. Askari mwenyewe alikuwa babu yangu, mzaa baba, mtu wa kifua kama mlango wa kanisa. Tulikuwa tunacheza uwanjani, tukamsikia akikohoa tangu kwenye kona.

"Dawa imeshamwingia kifuani," nikawaambia wenzangu.

Akaegesha baiskeli, akaweka mguu mmoja kizingitini, akaganda. Akageuza uso akatazama barabara. Akakohoa tena, kikohozi cha kuangusha mikungu ya ndizi. Mguu wa pili ukakataa kabisa kuingia. Mwisho akasema kwa sauti, "Humu sijaona kitu," akapanda baiskeli, huyo Tukuyu.

Jioni Mwasukari akaja nyumbani na sukari, akamwinamia mama. "Ndaga fijo, mama. Asante sana." Nikadhani ni mambo ya vyungu.

Vijana wa leo nawahurumia. Uvumi wanaupata asubuhi kwenye simu, mchana umekanushwa, jioni wameusahau. Wa kwangu niliishi nao mpaka nikaota ndevu, nikaoa, nikaanza kuwasimulia wanangu. Wao hawana hata mmoja wa kurithisha.

Basi nikaingia ngumbaru, masomo ya jioni ya watu wazima, mama naye mwanafunzi mwenzangu, benchi la mbele. Mwalimu akauliza faida za gazeti. Nikasimama, nikaieleza ile dawa yote, na cheche za moto nikaongeza kidogo. Mama akageuka.

"Wee mwanangu, dawa gani? Mwasukari alinisomea yale magazeti. Yalisema Mwingereza ameshatoka India, na huku atatoka. Basi."

"Sasa babu aliganda kwa nini?"

"Nilikuwa mle dukani, nimeyakalia magazeti, nimejifunika khanga kichwani. Babu yako ni mkwe wangu. Kwetu mkwe anaingiaje alimo mke wa mwanawe? Alikohoa ili nitoke. Sikutoka."